Kunawa Mara ya Pili

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Aliye jikoni apunguze moto, aliye safarini aongeze sauti. Saa hii tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu hamkumjua kwa sura, ingawa huenda kazi yake imelala miaka kinywani mwa bibi yako. Alikuwa fundi wa meno bandia. Alifariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka sabini na moja, akazikwa Ijumaa.

Narudia, kwa waliochelewa kufungua redio. Fundi wa meno bandia. Miaka sabini na moja. Amezikwa Ijumaa.

Mtaani kwake watoto walimwita Babu Umenawa. Hawakukosea. Ukimwamkia shikamoo, anakujibu marahaba, umenawa? Ukipiga hodi, anakwambia karibu, bomba lile pale. Alikuja hapa studio mara moja, miaka sita iliyopita, na kobe wake ndani ya sanduku la mbao lenye matundu. Fundi mitambo wetu akampapasa kobe mgongoni, kisha akanyoosha mkono achukue kikombe chake cha chai. Mzee akakivuta kikombe. Hewani, jamani, kipindi kinaendelea!

"Mwanangu," akamwambia, "nimekuona umenawa kabla ya kumgusa. Vizuri. Sasa kanawe mara ya pili."

Mimi nilicheka mpaka machozi. Nikamuuliza kama kobe wake ana sumu. Yeye hakucheka, na mimi sikumuuliza kwa nini hakucheka. Mtangazaji mzima, kazi yangu ni kuuliza maswali, na lile likanipita.

Leo nalijua jibu, kwa kuwa mjane wake na bintiye wamenisimulia na wakaniruhusu niseme yote. Mzee huyu amekufa na ombi moja ambalo halikujibiwa. Alitaka bintiye amchukue kobe. Basi. Kobe huishi miaka mingi, na huyu wa kwake ilijulikana wazi kwamba atamzika bwana wake. Lakini binti, mtoto wa pekee, mpima ardhi mwenye miaka thelathini na minne, alikuwa hajawahi kumgusa kobe huyo hata kwa ncha ya kidole.

Sasa turudi nyuma.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya kliniki ya meno. Kidogo, dirisha moja, meza yenye unga mweupe wa plasta kila mahali. Kwenye rafu, mataya ya plasta yamepangwa safu safu, kila moja na jina la mwenyewe limeandikwa kwa penseli. Harufu ya dawa ya plastiki ilimganda mpaka kwenye nywele. Mkewe anasema alipokuwa anamchumbia, mama yake alidhani kijana anapaka rangi nyumba.

Na alikuwa msafi. Hili mlishike, litatufaa. Alichemsha vifaa. Alikata kucha kila Jumatatu. Hakugusa kinywa cha mtu kabla ya kunawa mpaka kwenye viwiko, na alinawa mbele ya mgonjwa ili mgonjwa aone. Kabla. Siku zote alinawa kabla.

Asubuhi moja mlinzi wa kliniki akaingia na kitu amekifunga kwenye fulana yake kuukuu. Geti la chuma, lile la kusukuma kwa magurudumu, lilikuwa limempanda kobe. Gamba lilikuwa limepasuka upande wa kulia, na kipande cha ukubwa wa kiganja cha mtoto kimeondoka.

"Fundi," mlinzi akasema, "wewe si ndiye unaziba mapengo? Ziba na hili."

Fundi akacheka. Kisha akamtazama kobe, na kobe akamtazama yeye kwa jicho moja, jingine limefumba. Akaacha kucheka.

Hakukurupuka. Alimpeleka kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mkali aliyekuwa anatibu ng'ombe. Daktari akampa somo pale pale mlangoni. "Gamba si sahani, Fundi. Ni mfupa ulio hai, linauma. Na ukiziba leo, uchafu utabaki ndani, utakuwa umemfungia ugonjwa chumbani. Safisha kila siku. Ukauke kwanza. Ukishakauka, tutaziba."

Wiki tatu alisafisha. Kila siku alinawa, akamweka kobe mapajani juu ya taulo, akaosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa na dawa aliyopewa na daktari. Wiki ya nne, daktari akiwa amesimama pembeni, akaanza kuziba. Alitumia plastiki ileile ya fizi za bandia. Alijua inapata moto ikikauka, kwa hiyo akaipaka nyembamba, akangoja, akapaka nyingine, akangoja tena. Tatizo ni moja tu. Plastiki ya fizi ina rangi ya fizi. Kobe akatoka pale na kiraka cha waridi mgongoni. Mlinzi akampa jina siku hiyohiyo, Fizi, na jina likamkaa.

Wakati huo nyumbani kulikuwa na mtoto mchanga wa miezi saba. Ndiye huyu mpima ardhi wetu. Mkewe hakuwa na neno na kobe. "Hanuki, habweki, hali uchafu, anakula majani," anasema mjane. "Nilimwona ni mgeni mwenye adabu kuliko ndugu zake Fundi." Samahanini, ndugu wa marehemu. Nimenukuu.

Jumapili moja mchana, Fundi alinawa mikono, kama kawaida yake. Akamchukua Fizi, akamkagua kiraka, akapitisha kidole gumba pembezoni mwote kuona kama kuna mahali pameachia. Pako sawa. Akamweka chini. Mara mtoto akalia. Mama yake yuko nje anaanika nguo. Fundi akajifuta mikono kwenye suruali, akachukua chupa ya maziwa, akaijaribu chuchu ya chupa kwa kidole gumba kilekile, akampa mtoto.

Alinawa kabla. Baada, hakunawa.

Narudia, wasikilizaji wapendwa, kwa kuwa hapo ndipo maisha ya mtu huyu yalipogeuka. Alinawa kabla ya kumshika kobe, asimtie vijidudu kwenye kidonda. Hakunawa baada ya kumshika kobe. Kazi yake yote ilimfundisha kumlinda anayeguswa. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba kobe mzima, msafi, anayekula majani, anaweza kubeba tumboni na mgongoni vijidudu ambavyo yeye mwenyewe havimsumbui, na vikamwangusha mtoto. Mganga hajigangi, walisema wa kale.

Siku ya tatu mtoto akashikwa na homa. Kuhara. Kutapika. Siku ya nne macho yamezama, akilia machozi hayatoki. Wakalazwa. Siku tisa mtoto alikuwa na dripu, na kwa siku mbili kati ya hizo daktari wa watoto hakutaka kuwaahidi kitu.

Na hapo kwenye korido ya wodi ndipo mama mkwe alipofika. Bibi mzaa baba. Ametangulia mbele ya haki, hatumsemi vibaya, ila alikuwa na ulimi. Akamkalia mkwewe kooni. Hujui kuchemsha chupa. Wasichana wa siku hizi mnajua kupaka kucha tu. Mkwe mwenyewe alikuwa ameanza kuamini.

"Nilikuwa nimeshajihukumu," mjane ananiambia. "Kila chupa niliyowahi kuiosha niliipitia kichwani. Niliona nimemuua mwanangu kwa uvivu."

Kisha daktari wa watoto akatoka na karatasi za vipimo. Akauliza, "Nyumbani mnafuga nini?"

"Hatufugi kitu," Fundi akajibu. "Tuna kobe tu."

Daktari akashusha karatasi. "Basi huyo ndiye niliyekuwa namtafuta."

Akawaeleza polepole. Nani anamshika kobe? Nani anampa mtoto chupa? Fundi akasikiliza yote. Wasikilizaji, angeweza kunyamaza. Daktari hakumtaja mtu. Mama yake alikuwa upande wake, tayari ana mkosaji mkononi. Angenyamaza tu, lawama ingebaki ilipokuwa, na huenda ingebaki hapo mpaka leo. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Hakumung'unya maneno. Alisimama mbele ya mama yake na mbele ya mkewe akasema, "Ni mimi. Nilimshika kobe, nikampa mtoto chupa bila kunawa. Chupa ilikuwa safi. Mikono yangu ndiyo ilikuwa michafu. Mama, muombe mke wangu radhi."

Bibi akaomba? Aa wapi. Alisema anakwenda kununua maji, akarudi kesho yake. Lakini ulimi haukurudi naye.

Nikamuuliza mjane, wewe ulimwambia nini mumeo? Akasema, "Nilimpa ile chupa nikamwambia akaichemshe."

Mtoto akapona. Ndipo ikaja kesi ya kobe. Mama mtu akataka aondoke siku hiyohiyo. Fundi hakubisha. Alimtia Fizi kwenye sanduku akampeleka ofisi ya wanyamapori. Afisa akamgeuzageuza, akasema gamba halijashika vizuri, huyu ukimwachia porini hamalizi mwezi, na sisi hapa hatuna pa kumweka. Akampa Fundi barua ya kumtunza. Fundi akarudi nyumbani na barua mkono mmoja na sanduku mkono mwingine, akasimama nje ya mlango, hakuingia. Akamwita mkewe. Akamwambia, "Sema unavyotaka. Ukisema hapana, nitatafuta mwingine wa kumpokea."

Mkewe akasema sharti moja. Kobe atakaa upande wa nyuma wa ua. Mtoto hatavuka kwenda huko, na hatamgusa kobe huyo mpaka yeye mama atakapotoa ruhusa kwa kinywa chake.

Kesho yake Fundi akapanga matofali, mstari mmoja, ukuta hadi ukuta, urefu wa goti. Kwenye mstari akaweka bomba. Juu ya bomba akatundika kipande cha sabuni ndani ya soksi ya nailoni. Beseni la kobe likawa la kobe, brashi ya kobe ikawa ya kobe, na hata viatu vya kuingilia kule vikawa havitoki kule. Hakuna chombo cha Fizi kilichoonja sinki la jikoni tena. Mikono, kobe, mikono tena. Hiyo ikawa sheria, na haikuwa na likizo.

Habari zikaenea kwamba kuna mtu anaelewa kobe. Watu wakaanza kuleta wao. Mmoja alikuja na kobe aliyetobolewa gamba ili afungwe kamba. Fundi akamuuliza, "Na wewe nikikutoboa bega nikufunge mlangoni?" Mwingine alimlisha wake mkate na maziwa mpaka gamba likawa laini, akaelezwa habari ya nyasi, majani na jua la asubuhi. Dada mmoja alikuta kobe wa nchi kavu barabarani, akamwonea huruma, akamtumbukiza kwenye tangi la maji aogelee. Bahati tangi lilikuwa na maji kidogo. "Kobe wa nchi kavu na kobe wa maji ni watu wawili tofauti," Fundi akamwambia. "Huyu maji yake ni ya kufika kidevuni. Zaidi ya hapo anazama kama wewe na mimi." Na kila mtu alionyeshwa namna ya kumshika. Mikono miwili, ubavu huku na ubavu huku, tumbo lipate mahali pa kulala, na usimpandishe juu, mshikie karibu na ardhi. Akikojoa usimtupe. Anaogopa tu, na maji aliyomwaga anayahitaji, kwa hiyo mpe mengine.

Binti alikuwa dirishani. Miaka yote hiyo alisikiliza kutoka dirisha la jikoni, viwiko juu ya kizingiti.

Alipofika miaka kumi na miwili akauliza, "Baba, sasa naruhusiwa?"

"Muulize mama yako."

Mama akasema, "Bado."

Baba hakumtetea. Hakukonyeza, hakusema tutamdanganya mama. Alirudi kwa Fizi, akampima kwenye mizani yake ya kila mwezi, akaandika kilo kwenye daftari.

"Nilipofika miaka ishirini hakuna aliyekuwa ananikataza tena," binti ananiambia. "Mama alishasahau kama aliweka sharti. Nilijikataza mwenyewe. Ukiambiwa tangu utotoni kwamba kitu kile kilikaribia kukuua, mwili unashika. Mimi kazi yangu ni mipaka. Nimepima mashamba ya watu, nimetuliza ndugu waliotaka kukatana mapanga kwa hatua mbili za ardhi. Ule mstari wa matofali sikuweza kuuvuka."

Mwezi uliopita, Fundi akiwa kitandani na kifua kimembana, alimwita. Akamwambia, "Fizi atanizidi umri. Sitaki apewe mtu kwa sababu tu amekosa pa kwenda. Ningependa wewe."

Binti akasema, "Nitamtafutia mtu mzuri, Baba."

"Haya."

Hawakulizungumza tena. Binti anasema neno lile "haya" ndilo linalomkereketa mpaka sasa. Hakuwa na hasira, anasema. Alisema kama mtu aliyeombwa asogee kidogo kwenye benchi, akasogea.

Tunakuja Ijumaa, siku ya mazishi.

Watu walikuwa wengi. Viti vya plastiki havikutosha mbele, wakaanza kuvipanga nyuma ya ua, na mtu mmoja katika kupanga akaondoa matofali mawili matatu ili viti vikae sawa. Hakuna ubaya, hakujua. Waliporudi kutoka makaburini, saa saba mchana, jua la kupasua kichwa, shemeji mmoja akapiga kelele kutoka kule nyuma. Fizi alikuwa amejaribu kupanda rundo la matofali yale, akaanguka chali. Kiraka cha waridi chini, miguu minne juu, shingo imenyooka inatafuta ardhi. Hakuna aliyejua amekaa hivyo muda gani. Kobe akikaa chali juani hana muda mrefu. Uzito wake mwenyewe humlalia mapafu, na jua humpika.

"Ngoja nimvute mguu, atageuka," shemeji akasema, akainama.

"Mwache!"

Sauti hiyo, anasema mjane, hakuijua ni ya nani. Alidhani marehemu amerudi. Ilikuwa ya binti. Alikuwa amesimama kwenye mstari, mbele ya bomba, na nguo yake nzuri ya msiba. Akafungua bomba. Akanawa. Watu wanamtazama, kobe anakufa, yeye ananawa. Kisha akavuka.

Alipiga magoti. Mikono miwili, ubavu huku na ubavu huku. Akamgeuza kwa upande, polepole, karibu na ardhi, tumbo likapata kiganja. Hakuwa amefundishwa na mtu kwa mkono. Alikuwa amesikia tu, miaka thelathini, kupitia dirisha. Fizi akatoa kichwa, akapumua kwa kishindo kidogo kama mtu aliyeinua gunia, na akamkojolea nguo yote. Binti hakumtupa. Alimbeba chini chini mpaka kivulini, akamwekea beseni lake, maji ya kufika kidevuni, akakaa naye mpaka alipoanza kunywa.

"Nilimwambia, samahani," anasema binti. "Sijui nilikuwa namwambia nani kati yao wawili. Nililia pale ambapo makaburini sikuwa nimeweza."

Kisha akainuka, mikono ameinyoosha mbele, mbali na mwili, hajui aipeleke wapi. Mama yake alikuwa ameshafika pale bombani. Alikuwa ameifungua ile soksi, ametoa sabuni.

"Njoo," mama akamwambia. "Njoo unawe mara ya pili."

Akamwosha yeye mwenyewe. Viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka kwenye viwiko. Alipomaliza hakuviachia vile viganja.

"Nimeruhusu," akasema. "Ningesema mapema, angeona kwa macho yake. Nilidhani muda upo."

Wasikilizaji wapendwa, Fizi sasa anaishi kwa mpima ardhi. Amehama na sanduku lake, beseni lake, brashi yake, mizani, na daftari la kilo lenye mwandiko wa watu wawili. Binti ameshajenga mstari wa matofali. Anasema ameupima, umenyooka kuliko wa baba yake, na kwamba baba angekataa kukubali.

Kwa mjane, kwa binti, kwa ndugu wote hata wale wasio na adabu ya kobe, kituo hiki kinawapa pole. Poleni sana. Na mimi binafsi, kwa kicheko kile cha miaka sita iliyopita, naomba radhi hapa hapa nilipokosea, hewani.

Mnaosikiliza nyumbani, tafakarini mambo mawili. Kwanza, kama kuna mtu ndani ya nyumba yako amebebeshwa lawama ambayo ni yako, usingoje daktari aje na karatasi. Pili, kama kuna neno la kuruhusu ambalo unalikalia, liseme leo.

Desturi yetu hapa ni dakika moja ya kimya. Familia imekataa kimya. Wameomba sekunde ishirini za maji ya bomba, muda ambao marehemu alisema mikono inahitaji. Fundi mitambo wetu, yuleyule wa kikombe cha chai, amekwenda kuyarekodi mwenyewe kwenye sinki la studio, na amerudi na mikono inadondosha maji. Kwa hiyo kama muda si mrefu umetoka kumshika kobe, kuku, mbuzi au mnyama yeyote, na hapo ulipo kuna mtoto anayengoja kula, inuka sasa hivi uende. Sisi tutakusubiri.

Fundi mitambo, fungua bomba.